Bi Tomie Asiyesema Sitaki

Bi Tomie alizaliwa Kyoto, akaolewa Kyoto, na miaka yote aliyokaa kwenye kichochoro kile cha wafumaji hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sitaki". Kusema hivyo aliona ni ushamba. Jirani alipomnunulia bintiye fidla, ikawa inalia kama paka aliyebanwa mlangoni, Bi Tomie alimkuta nje akifagia, akamtabasamia. "Binti yako ameendelea kweli! Hata sisi huku tunafaidi." Jioni ile ile fidla ikanyamaza. Mwenye akili zake ameelewa, yamekwisha, na hakuna aliyeaibishwa.

Mwanawe wa pekee, Yoshiki, alimlea hivyo hivyo. Wakienda kwa watu, mwenyeji akianza tu kusifia saa ya mgeni, maana yake muda wa kuondoka umefika, yule mtoto alikuwa wa kwanza kutafuta viatu. "Huyu huna haja ya kummalizia sentensi," mama alijigamba.

Mumewe alipofariki, Yoshiki alikuja na mkewe Mizuho, mtu wa Hokkaido, kaskazini kabisa, mwenye moyo mweupe na asiyejua kuficha neno. Walileta picha za nyumba ya kutunzia wazee, mbali huko milimani. Bi Tomie alitaka kufia ndani ya nyumba yake, karibu na madhabahu ya kumkumbukia mumewe. Hakutaka kingine.

Akazitazama picha moja moja. "Pazuri mno. Mahali kama hapa si pa mtu kama mimi. Wenye bahati zao ndio wanakaa huku."

"Na wewe unayo bahati, mama!" Mizuho akapiga makofi. "Mwenzenu nilidhani utakataa! Yoshi, si nilikwambia mama hana shida?"

Bi Tomie hakumlaumu. Mtu wa kaskazini angejulia wapi? Akamgeukia mwanawe, amweleweshe mkewe. Yoshiki alikuwa ameinamisha kichwa, masikio yamemwiva kwa aibu. Alikuwa ameelewa tangu neno la kwanza.

"Mama mwenyewe amesema pazuri," akasema taratibu. "Umemsikia."

Ilimchoma kuliko msiba. Neno lilimfika kooni, moja tu lingetosha, lakini akilitamka mwanawe ataumbuka mbele ya mkewe. Akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka.

"Nawashukuru kwa kunihangaikia."

Mizuho akauliza vitu vihamishwe lini. Yoshiki akajibu upesi, "Jumatatu."