Mkate wa Mapera, Riziki ya Liuli

Nilitumwa Liuli kwa sababu mimi si msemaji. Babu alisema hivyo mbele ya watu wote jikoni, wala hakuwa ananisifu. "Regina akienda ataongea yeye. Editha akienda atasikiliza." Shangazi Regina akacheka, lakini niliona limemgusa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeleta habari yenyewe.

Habari ni hii. Bibi Agnesta, dada yake Babu, aliolewa ziwani, huko Liuli, zamani sana na Mwanglikana, akahamia kanisa la mumewe. Babu hakupendezwa, na tangu harusi ile hajashuka Liuli. Sasa Bibi ni mjane na kusahau kumemzidi. Hata mwanawe wa kumzaa, Bibi humwita kwa jina la mtu mwingine. Shangazi alipokwenda kumwona alimrekodi kwa simu akisali Baba Yetu. Sisi Wakatoliki, mnajua, tunaomba mkate wetu wa kila siku. Waanglikana wanaomba riziki. Na kwenye simu ya Shangazi, Bibi anasema mkate, waziwazi kabisa.

Babu aliisikiliza sauti ile mpaka chaji ikaisha. Akasema kichwa cha dada yake kimeacha mambo ya ukubwani na kurudi kwa yale ya utotoni, kwa hiyo moyo wake uko huku kwetu Mapera, na yeye arudishwe Mapera, afie kwao, azikwe na padre. Chumba cha kumpokea kilishapigwa lipu. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kuhakikisha. Shule ilikuwa imefungwa, nikawa mimi.

Mbinga mjini nilifika kwa bodaboda, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikapanda basi la Mbamba Bay. Mibuni ikaenda ikipungua dirishani, na ngoro zetu pia, yale mashimo ya kulimia milimani, mpaka tukaanza kushuka kona baada ya kona na watu wakawa wanavua masweta. Ndipo nikaliona ziwa kwa mara ya kwanza. Kwenye ramani ya jiografia nimelichora mara nyingi, jembamba kama ndizi. Sikuwa nimejiandaa kwa ukubwa ule. Niliona aibu hata kusema "loo", nikabaki nimeshika kiti cha mbele.

Mbamba Bay nilibadili gari. Mama mmoja mwenye ndoo ya usipa, dagaa wa ziwani, aliniuliza nakwenda kwa nani. Nikamtajia Baba mdogo Wilbert, mtoto wa Bibi. "Kwa yule bibi anayesahau? Nisalimie. Asipokujua usiudhike, hata mimi, yeye ndiye aliyeninunulia daftari la kwanza, lakini hanijui."

Liuli nilimkuta Baba mdogo uani, anashona nyavu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Karibu, mpelelezi."

Kumbe alijua. Nilitamani ardhi ipasuke. Binti yake, Neema, aliyemaliza kidato cha sita na asiyeogopa mtu, akanipokea begi. "Mwache bwana Baba, hajanywa hata maji."

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, mdogo kuliko nilivyomfikiria. Aliposikia ninavyoamkia kwa Kimatengo, lugha yetu ya milimani, uso wake ukafunguka. Akaniita Klotilda, jina la mdogo wao aliyefariki, akaniuliza kama mahindi yamebeba. Nikamwambia yamebeba. Halafu roho ikanisuta, kwa sababu mimi si Klotilda.

"Ukimkatalia analia," Neema aliniambia tukiwa tunaosha sahani. "Ukimkubalia unamdanganya. Sisi tumeamua kumkubalia."

"Siyo dhambi?"

"Muulize padre wako. Mimi naona dhambi ni kumliza."

Jioni ile, kabla ya kula, nilikaa karibu na Bibi nikaanza Baba Yetu kwa sauti ndogo, maana kwa sauti kubwa siwezi. Bibi akafuata, neno kwa neno. Akasema mkate. Nilifurahi hata nikasahau kuitikia amina. Baba mdogo alisikia. Ugali wake wa muhogo haukwisha.

Kesho yake alikuja jirani, mwalimu mstaafu anayegombea uenyekiti wa kitongoji. Kampeni zilikuwa zimepamba moto. Alivaa kofia ya chama chake, akaivua mbele ya Bibi.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja kuomba kura."

"Marahaba. Utapata, mwanangu," Bibi akamjibu kwa upole.

"Usishangilie, Mwalimu," Baba mdogo akasema huku anavuta uzi wa nyavu. "Jana alikuja mpinzani wako, naye amepewa."

Neema akadakia. "Mimi nauliza. Mtu asiyemjua mwanawe, apelekwe kupiga kura? Si mnampeleka nyie, mnapiga nyie?"

"Neema mwanangu," Mwalimu akasema, "wale tuliowachagua safari iliyopita walitusahau kabla wino haujatoka kidoleni. Mbona hakuna aliyewapokonya kiti? Leo kusahau kumekuwa kosa la bibi yako tu?"

Tulicheka wote, hata Bibi, ingawa nadhani alicheka kwa kuwa tulicheka. Neema hakukubali kirahisi. Akasema haki ni haki, sawa, lakini haki ya mtu haiwi mali ya aliyekaa naye karibu. Mwalimu akazungusha kofia mikononi. Mwisho akasema, "Hapo umenishika. Anakubalia kila anayemwomba. 'Ndiyo' ya namna hiyo nikiichukua nitakuwa nimeiokota, sijapewa. Kama hawezi kunikatalia, basi hajanikubalia." Akamuaga Bibi kwa heshima, na Bibi akamuuliza yeye ni nani.

Kuanzia hapo mimi nilikosa raha. Nilikuwa nafikiria simu ya Shangazi Regina, na vile yeye anavyosali: haraka, kwa sauti ya kuongoza jumuiya. Nikajiuliza, katika sauti ile, nani alitangulia kusema mkate?

Jioni nilijifanya nina kazi jikoni, Neema ndiye aliyesali na Bibi. Niliegemea mlango. Neema akasema riziki, na Bibi akasema riziki, kwa sauti ileile ya utulivu, kama vile hajawahi kusema neno lingine maisha yake.

Asubuhi, wakati mitumbwi inarudi na wanawake wameteremka ufukweni kununua samaki, nilibaki na Bibi peke yangu. Nikaanza kusali naye tena. Tulipofika kwenye lile neno nikanyamaza. Nilitaka kusikia atakalolitoa mwenyewe.

Hakutoa lolote. Alinyamaza na yeye. Akageuka, akanitazama mdomo, akasubiri. Nikazidi kunyamaza. Mkono wake ukaanza kunitafuta kwenye mkeka kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, ukanishika kidole.

"Tumefika wapi?" akaniuliza. "Mbona umeniacha?"

Sijawahi kujisikia vibaya hivyo. Nikasema riziki, kwa sababu tulikuwa nyumbani kwake. Akaipokea, tukaenda pamoja mpaka mwisho.

Baba mdogo aliporudi nilimwambia yote, bila kumwangalia usoni. Nilidhani atafurahi kwamba ameshinda. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kandambili moja, akaivaa tena.

"Kwa hiyo si wenu wala si wetu," akasema.

"Sijui, Baba. Labda ndani anajua yeye mwenyewe. Mimi nimeona tu hawezi kuanza peke yake."

"Nilikuwa nimeshapanga nilikatae mlangoni gari lenu la kuja kumchukua. Halafu usiku nawaza, je, kama kweli anataka kwao? Mimi ni nani nimzuie mama yangu? Lakini akiamka huko asikute maji haya ya ziwa mbele yake, atamuuliza nani?" Akanyanyuka. "Kamwambie Babu yako ulichoona. Usiongeze, usipunguze. Hata akikasirika."

Safari ya kurudi niliona fupi, kwa kuwa niliogopa kufika. Basi lilipopanda mlima watu wakavaa masweta yao tena, na mimi nikawa napanga sentensi. Nilizipanga na kuzibomoa mpaka Mbinga. Nilijua Babu anavyokisubiri chumba kile kikaliwe. Nilijua pia kwamba ningesema tu "nilimsikia akisema mkate", ningekuwa sijasema uongo hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha zaidi: kwamba ukweli unaweza kukatwa kipande ukafanya kazi ya uongo, na kwamba hata mtu mkimya kama mimi anaweza kufanya hivyo, tena kwa urahisi, kwa sababu watu wanamwamini.

Mapera niliwakuta Babu na Shangazi wanachambua kahawa kwenye kichanja. Nikasimulia nikiwa nimesimama, begi begani. Nilieleza mkate, nikaeleza riziki, nikaeleza na nilivyonyamaza na alivyonishika kidole. Shangazi akaacha kuchambua.

"Ina maana ni mimi niliyemsemesha?"

"Ulitangulia, Shangazi. Naye alikufuata."

"Mimi husali haraka," akasema polepole, kama anayejisikiliza.

Babu aliendelea kuondoa punje mbovu. Nilingoja anikaripie. "Sasa imani yake iko wapi?" akauliza. "Mtu hawezi kuwa kote kote."

"Sijui, Babu. Mwalimu mmoja kule alisema mtu asiyeweza kukataa hajakubali. Aliongelea kura. Lakini mimi naona na sisi tulikuwa tunampigia Bibi kampeni."

Sijui neno lile lilinitokaje. Shangazi aliinamisha kichwa, nadhani kuficha cheko. Babu akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

Nilikwenda kuchungulia kilichomo ndani ya kichwa cha mtu, na sikukiona. Nafikiri hakuna atakayekiona, si daktari wala padre wala mgombea. Nilichokiona ni mkono unaotafuta mwenzake afike naye mwisho wa sala. Hicho nilikuwa na hakika nacho, nikamwambia Babu: hasali peke yake tena, anamsubiri mtu aanze.

"Na mimi nikianza?" Babu akauliza. "Atanifuata?"

"Atakufuata."

"Hata nikisema neno la kwetu?"

"Utasema lipi, ni juu yako, Babu. Atakufuata lolote."

Punje zikawa zinaanguka kwenye ungo moja moja. Halafu akafuta mikono kwenye suruali na kuuliza, bila kunitazama:

"Huko chini Liuli, joto ni kali kweli?"

"Kali, Babu."

"Basi koti sibebi."