Kumpush Mgeni

Shangazi yangu nilimuaga nikiwa nimekaa. Kisingizio sina, ila ieleweke kwamba mimi na kiti changu tumezoeana, na mdomo ulikuwa umejaa njugu. Alisimama mlangoni na kikapu chake, akafunga leso, akaifungua, akaifunga tena. Badala ya kujiuliza leso ina shida gani, nikamwambia, "Haya Shangazi, usalimie watu wa Naivasha." Akaenda peke yake hadi steji ya matatu, kwenye manyunyu.

Sisi ambao babu zetu walitoka magharibi mwa Kenya kuja Nakuru kufanya kazi ya reli, mgeni hatumwachi mlangoni. Tunampush. Kiswahili kina neno lake safi, kusindikiza, na shuleni tulilifundishwa, lakini nyumbani tulisema push. Hata nyanya yangu, ambaye Kiingereza chake chote kingetosha kwenye kijiko, alikuwa akijifuta mikono na kusema, "Ngoja nikupush kidogo." Mwalimu wetu wa Kiingereza wa sekondari akilisikia alishika kichwa. "Kinachosukumwa ni wilibaro," alituambia. "Mgeni wenu ana gurudumu?"

Kamusi ninayo, na nafasi ya kuisoma ninayo kuliko watu wengi. Inasema neno hilo Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, nao Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini, ambako lilikuwa na maana ya kupigapiga, kugonga bila kuacha. Neno la Kiingereza la mapigo ya moyo, pulse, ni la ukoo huohuo. Baadaye likaanza kusukuma milango, mikokoteni, watoto kwenye bembea. Wakunga wanalisema kwa mwenye uchungu wa kuzaa. Kijana wa mtaa ukimuuliza habari ya maisha anakujibu, "Tunapush tu." Lakini kumtembeza mgeni hadi barabarani, kamusi yangu haina habari. Kwa hiyo nikaweka nadharia yangu: kwamba maana hiyo ilitoka kwa watu wa reli, kwani treni ikishindwa na mlima iliongezewa injini nyingine ya kuisukuma kwa nyuma. Nimewasimulia watu wengi nadharia hiyo kwa sauti ya mtaalamu. Niliitunga nikioga.

Nililopaswa kukumbuka halihitaji kamusi. Kwetu, mgeni akiwa ndani ya nyumba anaongea bei ya unga, nani amezaa, nani amezikwa. Kilichomtoa kwake anakisema njiani, mkiwa mnatembea bega kwa bega na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Ndiyo maana tunasukumana mbali. Mtu mwenye neno dogo unamfikisha kwenye geti. Mwenye neno zito unaweza kujikuta naye mmepita steji na mnarudi tena.

Kesho yake jirani yangu, mama ambaye kamba yake ya nguo inapakana na ua wangu, aliniuliza, "Yule mathe wa jana alileta habari gani?"

"Hakuna. Alikuja kutusalimia tu."

"Anatoka Naivasha na hii mvua, anakuja kukusalimia wewe?" Alibana shati kwenye kamba. "Ulimpush?"

"Hadi mlangoni."

"Wewe ulifika mlangoni?"

Aliendelea kuanika, nami nikarudi ndani kukumbuka. Shangazi aliuliza kama chumba changu cha nyuma kinavuja. Alisifu udongo wa mtaa wetu, kwamba hapa maji yanashuka haraka. Alikula kidogo. Anaishi Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio kando ya ziwa, na kila mtu anajua ziwa limekuwa likitembelea Kihoto bila kualikwa. Mjane, hana mtoto, na ndiye aliyenilea mama yangu alipougua. Hakuja kusalimia. Alikuja kuomba mahali pa kulala.

Nilimpigia simu. "Niko sawa tu," akasema. "Huku ni matope kidogo." Ningemwambia palepale ahamie kwangu, lakini namjua: ukimpa kitu ambacho hajakiomba, anakwambia tayari anacho.

Kwa hiyo Jumamosi nikaenda mwenyewe, mimi ambaye hata Gilgil, nusu ya njia tu, naiona safari ya pasipoti. Kihoto, vijia vya chini vilikuwa vimekuwa ziwa. Nilikunja suruali. Shangazi alikuwa ameinua kitanda juu ya mawe ya kujengea, jiko liko juu ya meza, na kuku wamepanda juu ya kabati kama wazee wa kamati. Alinikaribisha kana kwamba nyumba zote ziko hivyo. Tuliketi kitandani, miguu juu, tukanywa chai. Akaniambia habari za majirani waliohama, akiwahurumia sana. Yake hakusema hata moja. Nikavumilia. Nikasema, "Shangazi, wacha niende."

"Ngoja nikupush kidogo," akasema, akaingia majini mbele yangu.

Maji yalimfika magotini. Tulipofika pakavu alikung'uta leso, tukatembea mpaka tukapita kibanda cha mtu wa makaa.

"Kile chumba chako cha nyuma," akasema, akitazama mbele, "kina mtu?"

"Hakina."

"Ningekuuliza siku ile. Lakini ulikuwa umekaa."

Nami nikatazama mbele. "Njoo leo, Shangazi."

"Leo?" Alitembea kidogo. "Na kuku?"

"Na kuku."

"Jogoo anawika mapema sana."

"Mwache awike."

Steji hatukufika. Tuligeuka, tukarudi kufunga vitu, na mwenye pikapu mmoja akakubali kutuleta hadi Nakuru, kuku wakilalamika njia nzima.

Jirani yangu alisikia gari, akaja kusaidia kushusha. Alimwamkia Shangazi kwa heshima, akamshika mkono akamwingiza ndani, akamkalisha. Kisha akatoka tukabebe godoro. Upande wake mmoja ulikuwa umelowa, na alipoushika maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akaniangalia.

"Jirani, wewe ulingoja maji yaingie kwa kitanda ya mathe ndio utoke kwa hii nyumba yako."