Mume wa Mama Mkasi na Baiskeli Yake

Mtaa mzima ulimwita Mama Mkasi, na usidhani ni kwa sababu ya ushonaji peke yake. Ni kweli alikuwa fundi wa nguo, tena fundi hasa: mapazia, sare za shule, magauni ya harusi, suruali za watu walionenepa na hawataki kukubali. Cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, vitambaa vimemwagika mpaka kwenye makochi, na mteja aliyeingia kupimwa kiuno alitoka na habari za ukoo mzima. Lakini jina lilitokana na ulimi. Ukianza kusema jambo mbele yake, hufiki nalo mwisho. Atalikata katikati, atalishona upya, atakurudishia likiwa limependeza kuliko ulivyolileta, na wewe utabaki umekaa hapo mdomo wazi kama uliyekuja kusindikiza tu.

Aliyekatwa kuliko wote alikuwa mumewe, fundi wa mafriji. Miaka ya mwanzo ya ndoa yule bwana alikuwa na maneno yake. Wageni wakija, alikohoa kidogo, akaanza: siku moja tulikuwa tunateremka na baiskeli. Kabla hajafika kwenye kona, mkewe kashadakia. Si siku moja, ilikuwa Jumapili, na wewe ndiye uliyekataa kukaza breki, hebu ngojeni niwaambie mimi. Akawaambia, wageni wakacheka, mume naye akacheka pamoja nao, kisha akakusanya sahani akazipeleka jikoni. Mama Mkasi hakuona ubaya wowote. Mume wangu hana mdomo, alikuwa akisema, nisipomsemea mimi nani atamsemea? Taratibu yule bwana akaacha kukohoa. Binti yao alipoolewa na kuhama, nyumba ikabaki na sauti mbili, ya mke na ya cherehani.

Ndipo mume akairudia baiskeli. Ilikuwa ile ile ya ujana wao, ya kijani, imelala stoo miaka na miaka, akaifufua kwa mikono yake. Kila Jumamosi asubuhi aliipangusa, akaupaka mnyororo mafuta, akafunga chupa ya maji, huyoo, akashika barabara ya pwani inayopanda na kushuka juu ya majabali mpaka kwenye rasi. Alirudi jioni uso umeiva kwa jua, chumvi imekauka kwenye nyusi, na amani imemjaa mpaka inakera. Safari ilikuwaje? Nzuri. Umeona nini huko? Bahari. Basi, hapo ndiyo mazungumzo yamekwisha.

Haya, mwambie mwanamke kama huyu kwamba mumewe anatoka kila wiki kwenda kuangalia maji. Dada yake, aliyeachika zamani na kwa hiyo akajiona mtaalamu wa waume za watu, alimwambia wazi kwamba bahari haimfanyi mwanamume anyoe ndevu kabla ya kutoka. Mama Mkasi alijichekesha, lakini neno lilimwingia. Akampigia simu binti yake kumlalamikia, na binti akamwambia, kwa adabu zote, amwache baba apumue kidogo. Apumue? Kwani mimi nimemkaba? Binti akanyamaza, na mama mtu akahesabu kwamba kashinda.

Tusimwonee. Alikuwa anampenda mumewe. Kila alilolisema siku nzima kwa wateja, alikuwa anajaribu tu mkato wake, ili jioni amsimulie yeye likiwa limekaa vizuri. Wazo la kwamba kuna mwanamke huko kwenye majabali anayetazamwa wakati yeye hatazamwi lilimkata maini, na aliogopa kuachwa, aliogopa vibaya sana. Akaamua kwenda kumwona huyo mwanamke kwa macho yake.

Akaiteremsha baiskeli ya binti yake iliyokuwa imetundikwa ukutani. Alijizoeza nyuma ya maghala, mahali ambapo hakuna mtu wa kumcheka, akaanguka, akainuka, akamtukana aliyebuni baiskeli pamoja na waliomzaa. Kisha bahati ikamwangukia. Jumamosi moja friji la muuza nyama liliharibika, na mume akasema atapita kwanza huko kulitengeneza, safari yake itachelewa. Mama Mkasi akamwitikia vizuri, akamfungia na mkate. Alipopotea tu kwenye kona, naye akatoka kwa njia nyingine. Alitaka afike kwenye rasi kabla yake, aone ni nani anayemngoja.

Barabara ile ilimshangaza. Hakuna magari, hakuna honi, ni upepo tu na bahari huko chini inayojipigapiga kwenye mawe meusi. Vichaka vyote vimelalia upande mmoja kwa kusukumwa na upepo. Kwenye mlima wa kwanza alishuka akaisukuma baiskeli, pumzi imemwishia, magoti yanamsema. Lakini ulipofika mteremko, na upepo ukamjaa kwenye nguo, na povu la mawimbi likaruka mpaka likamlowesha shavu, kwa kitambo kidogo hakuwa na neno hata moja kichwani. Ilikuwa raha. Akaanza hapo hapo kupanga jinsi atakavyomsimulia dada yake.

Kwenye rasi barabara inapanuka, na hapo kuna kibanda cha chai chenye mabenchi ya mbao. Waendesha baiskeli wawili watatu walikuwa wanapumzika, na mafundi wa barabara wamevua helmeti zao. Muuza chai alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Mama Mkasi alimpima kwa jicho la fundi, kifua, kiuno, nyonga, akasema moyoni, kumbe ni wewe. Akakaa, akaagiza chai, akauliza kwa sauti ya mtu asiye na haja sana kama huwa anapita hapa bwana mmoja mwenye baiskeli ya kijani.

"Mzee wa Stori?" Uso wa muuza chai ukafunguka, na wale mafundi wote wakageuka. "Huyo asipokuja, Jumamosi yetu haina chumvi. Anatuvunja mbavu yule mzee."

Mama Mkasi akadhani wamekosea mtu. Lakini muuza chai alishaanza kumpa mgeni stori moja, ile wanayoipenda wote. Eti ujanani mzee huyo alikuwa anateremka na mkewe kwenye keria, mke amepakata gauni la harusi la mteja, breki zikakataa, wakaingia vichakani. Gauni likapaa na upepo likaenda kuning'inia kwenye ncha ya jabali, jeupe pee, juu ya bahari. Na mke badala ya kulia, akakaa chini katikati ya barabara akacheka mpaka akashindwa kusimama, akasema liache lichukuliwe, nitashona jingine.

Uongo mtupu! Gauni halikupaa popote, lilichanika pindo basi. Na hakuna aliyecheka. Alimgombeza njia nzima mpaka nyumbani, na mwaka mzima uliofuata. Maneno yakampanda Mama Mkasi, haikuwa hivyo, hebu ngojeni niwaambie mimi, yakafika kwenye meno. Akabugia chai ya moto kuyazuia, ikamuunguza ulimi mpaka machozi yakamlenga.

Muuza chai akayaona machozi, akayaelewa kwa namna yake. "Inagusa, eh? Alimpenda sana marehemu."

"Marehemu nani?"

"Mkewe. Amefiwa siku nyingi, maskini. Anasema tangu aondoke yule, nyumbani hakuna wa kuongea naye."

Mama Mkasi aliweka kikombe chini kwa mikono miwili. Laiti mwanamke mwenyewe angekuwa huyu muuza chai! Mwanamke mwenye mwili unaweza kumshika ukosi, unaweza kumtolea maneno mpaka akahama mtaa. Lakini huyu marehemu aliyekuja kumkuta hapa alikuwa na keria yake, gauni lake, ujana wake, na alikuwa anacheka ambapo yeye alifoka. Ameshazikwa, na watu wanampenda. Angepigana naye vipi? Akabaki ameshika ukingo wa benchi, ulimi unamwasha.

Mluzi ulisikika kabla mtu hajaonekana. Baiskeli ya kijani ikatokeza kwenye kona, mpandaji wake amekaa wima, shati limejaa upepo. Mama Mkasi alikuwa hajamwona hivyo tangu wachumbiane. Kisha mume akamwona mkewe. Mluzi ukakatika, mguu mmoja ukashuka chini.

"Leo una mgeni," muuza chai akamwambia. "Mama huyu kaja na baiskeli peke yake. Nimempa ile ya gauni, lakini yangu haina ladha. Msimulie mwenyewe."

Watu wakasogea kwenye benchi kumpa nafasi. Hakukaa. Alimtazama mkewe kwa uso ule ule aliokuwa nao zamani mbele ya wageni, uso wa mtu anayengoja kukatwa. Neno moja tu kutoka kwake na Mzee wa Stori angekwisha, pale pale, mbele ya watu wake wote. Wote wawili walilijua hilo. Mama Mkasi akasimama, akamnyooshea mkono.

"Pole na msiba, mzee wangu."

Mkono aliopewa ulikuwa wa baridi, unanuka mafuta ya mnyororo.

"Asante," mumewe akasema. "Nimeshapoa."

Hakuwa anamtania wala kumkomoa. Aliitikia kama anavyoitikia mtu yeyote aliyekwisha kulia na kunyamaza, na hilo ndilo lililomuumiza. Mama Mkasi akalipia chai, akapanda baiskeli yake. Alipokuwa anashika mteremko alisikia nyuma yake kukohoa kidogo, kisha sauti ya mumewe ikianza, na baada ya muda kicheko cha watu kikamfuata mpaka kwenye kona. Njia nzima upepo ulikuwa wa mbele, akalia mpaka nyumbani.

Jioni mume alirudi saa zake zile zile, akaegemeza baiskeli ukutani, akanawa, akakaa mezani. Mama Mkasi akapakua. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile: akanyamaza. Aliapa moyoni kwamba mumewe akianza tu, hata aseme siku moja badala ya Jumapili, hata gauni lipae mpaka mwezini, atamwacha afike mwisho. Angecheka pia, kama cheko lingetoka. Akala kidogo kidogo, akingoja.

Mume akakohoa.

Moyo wa Mama Mkasi ukaruka, akaweka kijiko chini, akamtazama. Yule bwana akavuta glasi ya maji, akanywa yote, akajifuta mdomo. Akasema asante kwa chakula. Akachukua sahani yake akaipeleka jikoni, kisha akatoka nje kwenda kupangusa mnyororo.