Mkebe wa Kaisari

Wenzangu mliokulia Nairobi ya miaka ya hamsini, njooni mnisaidie kucheka. Juzi mjukuu wangu alilia machozi kwa sababu simu imezima. Nikamwambia, wee, sisi tulicheza bano kwa gololi, tulicheza kati kwa mpira wa matambara mpaka giza likatufukuza, na mvua ikinyesha tulikaa ndani tukacheza na Kaisari. Akanitazama kwa huruma, akamuuliza mamake kama nimekunywa dawa yangu. Basi wacha nieleze.

Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Kilimani, nasi tulikaa vyumba vya nyuma, kwenye moshi wa kuni na makelele ya kuku. Mdogo wake, baba mdogo Yona, alilala jikoni kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Yona alipelekwa Misri kuchimba mitaro, na siku moja sururu yake ikapasua chungu kilichojaa pesa ndogo ndogo za shaba, za kijani kwa kutu, nyingine hazifikii kifungo cha shati. Padri wa jeshi alizitazama akamwambia hizo ni pesa za Kaisari wa Roma. Wanaume wengine walirudi kutoka vitani na makoti na baiskeli. Wa kwetu alirudi na Kaisari ndani ya mkebe wa sigara.

Jumapili baada ya ibada, tumeshiba viazi vitamu, alizimwaga juu ya gunia. Tulizisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi sura itokee, halafu kazi ikaanza: huyu ni Kaisari yupi? Wote walikuwa na macho makubwa, wanatazama juu kama watu wanaosubiri mvua. Kwa hivyo ukishindwa na uso unageuza nyuma. Kulikuwa na Kaisari wa Lango la Boma. Kulikuwa na wa Askari Wawili, wamesimama na bendera katikati yao. Wa Farasi alikuwa na askari anayemchoma mkuki mtu anayeporomoka kutoka mgongoni mwa farasi, na kaka yangu Enosi alimtambua kwa kupapasa tu, macho yamefungwa. Lakini iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mbwa mwitu jike anayenyonyesha watoto wawili. Mama hakutaka hata kuigusa. "Na mama yao alikuwa wapi?" aliuliza kila Jumapili.

Sasa, Yona akampenda msichana aitwaye Rasoa. Babake, Mzee Hezroni, alikuwa seremala kule Waithaka na mzee wa kanisa, mtu asiyecheka hata akitekenywa. Rasoa mwenyewe sote tulimpenda, alikuwa na mdomo mkali na mkono wa kutoa. Siku ya kupatana mahari mambo yalikwenda vizuri, ng'ombe wakakubaliwa, chai ikaja. Hapo ndipo baba akataka kumsifu ndugu yake. Akasema huyu bwana harusi si mtu hivi hivi, ana mkebe mzima wa pesa za Kaisari.

Mzee Hezroni akaweka kikombe chini. "Kaisari yule yule?"

"Yule yule," baba akajibu kwa fahari.

"Na cha Kaisari kinapaswa kwenda kwa nani?"

Hata sisi watoto tulilijua jibu, tulifundishwa kanisani: cha Kaisari apewe Kaisari, cha Mungu apewe Mungu. Mzee Hezroni akasimama. "Binti yangu haolewi na mtu anayelalia mali ya wenyewe. Amrudishie Kaisari chake, halafu aje."

Lo! Baba mdogo Yona aliacha kula. Sahani ya ugali ilirudi jikoni kama ilivyotoka, na sisi tuliokuwa tukiombea mabaki tulikula tukiona aibu. Mwishowe akaamua kwenda mjini, kwa maana Nairobi kila kitu kina ofisi yake, na labda Kaisari naye ana yake. Mimi na Enosi tulikwenda naye kwa sababu sisi ndio tuliowajua kwa sura.

Hatukufika mbali. Kwenye Barabara ya Ngong askari wawili walitusimamisha.

"Wewe! Iko nini ndani ya mkebe?"

"Pesa."

"Pesa ya nani?"

"Ya Kaisari," Yona akasema. "Tunampelekea."

Ulikuwa wakati wa hali ya hatari, wenzangu, serikali ikiwasaka Mau Mau misituni. Ulikuwa ukikutwa na pesa za mkubwa asiyejulikana, umekwisha. Askari akamwita mwenzake. "Huyu Kaisari yenu anajificha msitu gani?"

"Hajifichi. Yuko Roma."

"Roma iko upande gani? Limuru?"

Enosi, ambaye hakuweza kusikia swali bila kunyoosha mkono, akaeleza kwamba Kaisari ana macho makubwa, shingo nene, hana ndevu, na kichwani amefunga utepe wa shanga. Askari akatoa kalamu. Nikaongeza kuwa kuna mwingine mwenye ndevu, ila huyo haonekani mara nyingi.

"Silaha?"

"Mkuki," nikasema.

"Iko na watu?"

"Wawili wawili. Wanalinda bendera."

"Mungu wangu," askari akasema, akatupeleka mbio kwa mkubwa wake.

Mkubwa alikuwa Mzungu kijana. Alisoma maelezo yetu, akafungua mkebe, akacheka hadi akakaa kwenye ngazi. Kisha akatuambia kwa Kiswahili cha kubahatisha kwamba Kaisari alikufa kabla babu wa babu yetu hajazaliwa. Yona akamsihi azipokee kwa niaba ya serikali. Akakataa. Alisema yeye si Kaisari, na akatuamuru twende nyumbani.

Jumapili iliyofuata tulirudi Waithaka. Baba akavua kofia. "Mzee, Kaisari amefariki."

Mzee Hezroni akainamisha kichwa. "Poleni. Ameacha watoto?"

Tulichoka! Lakini kwa desturi yetu alikuwa na haki. Kwetu mtu akizikwa, wadeni wake husimama mbele ya watu na kutaja deni lao, na mali huenda kwa warithi. Yona aliketi pale akitazama miguu yake, mtu mzima aliyetoka vitani.

Rasoa akaingia na birika. Hakumimina. "Baba, kwa nini pesa ni ya Kaisari?"

"Kwa sababu ina sura yake."

"Na mimi nina sura ya nani?"

Sote tulilijua na hilo: ya Mungu. Lakini Mzee Hezroni alijibu kabla ya kufikiri. "Ya mama yako. Hasa huo mdomo."

Mkewe alicheka kwanza, halafu wakacheka wote, na mwishowe mzee mwenyewe, sauti ya mlango usiofunguliwa siku nyingi. Alipofuta machozi akatoa hukumu: waoane, lakini mkebe akae nao Rasoa, auweke salama mpaka ukoo wa Kaisari utakapokuja kuuliza. Rasoa akasema naahidi.

Na aliulinda! Kila Mzungu aliyempitia maishani, daktari, mwalimu, alipewa chai kisha akaulizwa kama ni wa ukoo wa Kaisari. Padri mmoja Mwitaliano alifikiri kidogo kabla ya kusema hapana, na mama mdogo alimheshimu sana kwa huko kufikiri.

Siku hizi watu wanaapa kanisani, na kabla picha za harusi hazijalipiwa kila mmoja amerudi kwao. Baba mdogo Yona tulishamzika. Mwezi uliopita mjukuu wake alimwaga pesa zile mezani kwa nyanya yake Rasoa, akaweka moja mbele ya simu, na papo hapo ikamtajia Kaisari, mji ilikotengenezwa, na bei isiyonunua kuku. Sisi kazi hiyo ilitumalizia utoto mzima, na ulikuwa utoto mtamu. Yeye akaisukuma kando.

"Shosh, hiyo familia iliisha kitambo. Hakuna mtu anakuja. Tuuze tu."

Mama mdogo Rasoa akaziokota moja moja, akazirudisha kwenye mkebe, akafunga kifuniko.

"Babu yako pia haji," akamwambia. "Na mimi bado ni mke wake."