Njia ya Bibi-arusi

Gasaro alikulia Bukavu, akarudi Kamembe na cherehani yake, na kwa miaka mingi alishona sare za kwaya. Baadaye akajifunza kuchapa michoro kwenye vitambaa. Ndipo Karangwa, aliyekuwa akifungua hoteli karibu na ziwa, akamwagiza mazulia madogo ya mlangoni, yenye mchoro wa kikapu alichokiona sokoni. Mistari myeusi ilikizunguka kikapu kile, ikipanda hadi kwenye ncha ya kifuniko.

"Ni mchoro ya zamani tu," Karangwa alisema. "Haina mwenyewe."

Gasaro hakuridhika. Aliulizia sokoni, akaambiwa mara moja: vikapu vile anavisuka Mukamusoni wa Butare ya hapa karibu, si ule mji. Kesho yake alipanda pikipiki kwenda huko.

Alimkuta Mukamusoni uani, anasuka mistari ileile, akamwomba ruhusa ya kuichapa kwenye vitambaa.

"Hii njo ya mama yangu," Mukamusoni alisema. "Aliianzisha wakati nilikuwa nataka kuolewa. Aliiita Njia ya Bibi-arusi. Unataka kuiweka wapi?"

"Chini, Maman. Mlangoni."

Mukamusoni aliacha kusuka. "Batu bapanguse biatu juu ya harusi yangu?"

Gasaro aliona aibu, lakini furaha ilimzidi. Kumbe ile mistari ilikuwa na mama, na binti, na siku yake!

"Na ukutani je, Maman?"

"Ukutani, sawa. Lakini jina ya mama iandikwe pale. Na mimi nitakuja kuangalia."

Alikuja kweli. Aliinua kitambaa cha kwanza, akakitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi-arusi anapandaga. Huyu wako anashuka, anarudi kwao!"

Gasaro alikata kigezo kipya cha kuchapia, mistari ikipanda, na wakachapa pamoja, mikono yao yote myeusi kwa rangi.

Karangwa alinuna alipoona hakuna zulia hata moja. Gasaro akamweleza habari ya harusi ile. Alisikiliza hadi mwisho, akamwita mke wake, akaomba isimuliwe tena. Vitambaa vyote vilitundikwa ukutani, na chini ya kila kimoja paliandikwa: Uwimbabazi wa Butare. Malipo waligawana Gasaro na Mukamusoni.

Mukamusoni aligusa jina la mama yake kwa kidole, herufi kwa herufi. Kisha akamvuta Gasaro pembeni.

"Kuna ingine mama aliniachia. Sijaipelekaga sokoni. Kuya siku ya Mungu, nikuonyeshe."

Gasaro hakuuliza hata saa; Jumapili angefika kwake alfajiri.