Mkono wa Pélagie

Kule Kivu Kusini alikozaliwa Pélagie, mtoto hakuingia shule kwa kuhesabiwa miaka. Aliingia kwa mkono. Mwalimu alimsimamisha mlangoni, akamwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Akilishika, amekomaa, aingie. Asipolishika, arudi kwao akacheze. Hicho ndicho kilikuwa kipimo, na nani angebishana na mwalimu?

Pélagie alikuwa kibonge, kichwa kikubwa, mikono mifupi. Septemba ya kwanza vidole vyake viliishia kwenye nywele. Septemba ya pili aliuma meno, akakiinamisha kichwa kwa ujanja, mwalimu akakinyoosha. Baba yake, Byamungu, hakuona ajabu.

"Angali mudogo," alisema, akishika njia ya shamba. "Tutarudia mwaka yenye inakuya."

Mwaka huo mkono ulifika. Siku aliyolishika sikio, Pélagie alizunguka nyumba akipiga kelele za furaha. Lakini kabla ya Septemba bunduki zilifika kijijini, mwalimu akakimbia, na wao wakakimbia. Mtoto aliyekuwa tayari kwa shule akawa mtoto wa kubeba sufuria kichwani hadi Uganda.

Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi cha kambi ya Nakivale, waliandikishwa, wakasubiri, wakapewa kiwanja. Kiwanja kilitaka kufyekwa, mahindi yalitaka kupaliliwa, na nyumbani kulikuwa na wadogo wa kubeba mgongoni. Kila alipouliza habari za shule aliambiwa angoje kidogo, mtoto atembee kwanza. Alipoingia darasa la kwanza hapo Nakivale alikuwa na miaka kumi na mitatu. Magoti yake yaliinua dawati. Watoto walimwita Mama Darasa, na mdogo wake Pacifique, aliyekaa benchi la mbele, alijifanya hamjui.

Hilo angelivumilia. Kilichommaliza ni uji. Shule ile ilipikia watoto uji asubuhi, na wa kukoroga alitafutwa mwenye nguvu. "Wewe ni mkubwa," mwalimu alimwambia, "nenda usaidie jikoni." Na uji ulikorogwa saa ya Kiingereza. Wenzake waliimba maneno ya Kiingereza humo ndani, yeye akayaokota kupitia moshi, moja moja. Mtihani ulipokuja ulikuwa wa Kiingereza kitupu. Alivuka la kwanza kwa shida, la pili kwa shida, la tatu akaanguka. Akarudia, akaanguka tena, na Pacifique akapanda la nne. Mwalimu yuleyule aliyemtuma jikoni akamwambia mbele ya darasa kwamba hana bidii. Hana bidii! Na viganja vyake vilikuwa na malengelenge ya mwiko wao.

Basi alipotokea Ketty, mke wa mwanajeshi wa kambi ya Mbarara, aliyekuja soko la Misiera, hapo kambini kwao, kununua vitenge, Pélagie alimsikiliza kwa mwili mzima.

"Wewe kuja nyumbani yangu," Ketty alisema. "Utaangalia Clare wangu kidogo tu. Mimi nitasomesha wewe. Shule iko karibu na barracks."

"Nitaingia darasa la ine, mama?"

"Hata ya tano, kama unaweza."

Byamungu alimshukuru Mungu. Pélagie alikunja nguo zake chache pamoja na sare ya Nakivale, kwa kuwa aliwaza huenda rangi zikafanana.

Hazikufanana, lakini Februari ilipofika aliivaa hivyohivyo, akaipiga pasi mpaka ikang'aa. Miezi yote ya likizo alikuwa amefua, amepika, amemwogesha Clare, na hakulalamika hata mara moja, maana malipo yake aliyajua. Wakaenda shuleni watatu. Mwalimu mkuu alimtazama Pélagie toka juu hadi chini.

"Na huyu? Ni mzazi?"

Ketty alicheka kwa aibu, akamjibu kwa heshima ya mama kwa mama. "Hapana, nyabo. Huyu ni mfanyakazi yangu tu. Nimeleta huyu mudogo."

Pélagie alingoja aongeze neno. Ketty aliinama kumfunga Clare kamba za viatu, akachelewa hapo chini kuliko kamba zilivyohitaji. Alipoinuka aliushika mkono wa mwanawe, akaupitisha juu ya kichwa, kwa maana hata yeye alipimwa hivyo utotoni. Vidole vya Clare viliishia kwenye nywele.

Mwalimu mkuu akacheka. "Aa, nyabo, wacha. Hiyo ya mukono ni ya zamani. Siku hizi tunachukua tu."

Ya zamani. Maisha ya Pélagie yalikuwa yamekwama kwenye kile kipande kidogo kati ya vidole na sikio, na leo mtu anakicheka kama kichekesho cha mabibi.

Ketty alipotaka kuondoka Clare aliangua kilio, hakukubali kuachwa. Ikaamuliwa Auntie, kama Clare alivyomwita Pélagie, akae naye darasani mpaka azoee. Hivyo ndivyo Pélagie alivyoingia shule ya Mbarara: benchi la mwisho la darasa la kwanza, mtoto wa watu mapajani.

Mwalimu wa darasa, kijana aitwaye Jovan, aliinua picha ya ng'ombe, akauliza kwa Kiingereza huyu ni mnyama gani. Watoto wakatazamana. Pélagie alilijua neno lile, ni mojawapo ya yale aliyoyaokota kwenye moshi. Mkono wake ukapanda wenyewe, mrefu kuliko yote mle ndani.

"Auntie," Jovan alisema kwa upole, "shusha mukono. Wacha watoto wajibu."

Vichwa vyote vikageuka. Akaushusha. Clare alikuwa akitoka kamasi, akamfuta kwa mkono uleule.