Daftari la Mama Nyanzala lilikuwa na sehemu ya shati, app yao haina

Wakuu, salamu kutoka Ilemela, huku ziwani.

Shule niliishia darasa la nne, mwandiko mnivumilie. Ninayoandika mengine niliyaona, mengine niliyanywa pamoja na maji.

Zamani mwalo wetu, pale mitumbwi inapotokea na kurudi, ulikuwa na mwandishi mmoja, Mama Nyanzala. Kaunta buku kubwa, peni imefungwa kwa uzi wa nyavu. Mtumbwi hautoki mpaka aandike majina, na mbele ya kila jina, rangi ya shati.

Tulimtania sana. "Mama, kwani unataka kutushonea?"

"Mkeo akija kuniuliza nisibabaike. Hebu geuka nikuone!"

Ukirudi unapita kwake, anakata jina lako. Saa kumi jioni ikifika kuna jina halijakatwa, anagonga rimu ya gari iliyoning'inia pale. Injini zinawashwa, watu wanaingia ziwani kutafuta.

Hakuna kikao.

Nayakumbuka sana yale maisha, wakuu.

Ikaja app.

Aliyeileta ni mwenyekiti wetu wa mwalo, Kasile. Aliyeitengeneza ni Erasto, jamaa wa kompyuta mwenye ofisi ya kiyoyozi mjini. Nawataja kwa sababu wenyewe hawajawahi kujitaja. Tukapewa soda, tukaambiwa madaftari ni ushamba. Mama Nyanzala akaondolewa, akawekwa karani wa kuingiza safari kwenye simu; Mama akaanza kupika uji palepale mwaloni.

Na mimi nilipiga makofi. Siku ile niliona tumeendelea.

Kumbe ile app, safari isiyofungwa ikifika jioni inajifunga yenyewe. Inaweka tiki ya kijani: wamerudi. Erasto alikuja kusema eti safari zikibaki wazi zinachafua ripoti.

Siku moja mimi na Bwire, mwenzangu wa miaka kumi na minne, tulikunywa uji kwa Mama, tukaenda kuopoa nyavu. Upepo ukageuka, mtumbwi ukapinduka. Tukaushikilia ubavu. Jioni ilipofika Bwire akasema, "Masalu, sasa hivi rimu inagongwa." Tukatega masikio, kama vile tungeisikia kutoka kule.

Tulikuwa tumesahau kwamba rimu haina mtu.

Kulipokucha Bwire aliachia.

Haya mengine nilisimuliwa na wanawake wa mwaloni. Asubuhi hiyo Mama Nyanzala alimfuata Kasile.

"Shati la njano na shati la bluu hayajapita kwangu tangu jana."

"Mama, hao wamerudi. Ona tiki hii hapa."

"Tiki naiona. Masalu yuko wapi? Bwire yuko wapi?"

Kasile akaanza kumpigia Erasto. Mtandao unasumbua. Mama akaacha sufuria motoni, akaenda kugonga rimu mwenyewe.

Mimi nilikutwa mbali, upande wa kuelekea Nansio. Bwire alionekana siku ya tatu. Alitambuliwa kwa shati.

Wakuu, sipingi teknolojia, hata hapa naandika kwa simu. Ila serikali na nyie watengeneza system, kabla ya kulifunga daftari la mtu, kaeni naye wiki moja. Muulizeni anaandika nini na kwa nini.

Juzi nilimwomba karani anifungulie safari yetu ile. Tiki bado ipo. Mimi nimerudi, na Bwire amerudi.

Nimeuliza, naambiwa haifutiki.

Wataalamu wa kompyuta mliomo humu, ni kweli haifutiki? Nijibuni hapa chini, nikamwambie mkewe.